Joto na Hewa Safi: Historia ya Nyumba Inayopumua

Leo tunazungumzia ugomvi unaoingia nyumbani kila msimu wa baridi. Ukifungua dirisha, mtoto anapigwa na baridi. Ukilifunga, moshi na hewa iliyochafuka vinabaki ndani. Je, waliotutangulia walifanyaje?

Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyehudumia askari katika vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, aliandika kitabu cha uuguzi mwaka 1859. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: mgonjwa avute hewa safi kama ya nje, lakini asipatwe na baridi. Mfunike vizuri, mpe chupa ya maji moto ikihitajika, kisha ruhusu hewa ipite. Wakati huo vijidudu vya kifua kikuu havikuwa vimejulikana. Robert Koch wa Ujerumani alivitangaza mwaka 1882. Hata hivyo ushauri wa muuguzi huyo ulifaa, kwa maana hewa inayopita huondoa vijidudu vinavyoelea chumbani mgonjwa anapokohoa.

Naye Max von Pettenkofer wa mji wa Munich alionyesha mwaka 1858 jinsi ya kupima hewa ya chumba. Alipima kaboni dioksaidi, ile tunayoitoa tukipumua. Ikizidi sehemu 1 kati ya 1,000, alisema, chumba hakipati hewa ya kutosha.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Watu wa nchi za baridi, wanaopasha nyumba joto kwa mafuta, wakaanza kuziba kila ufa. Joto likabaki ndani, lakini unyevu na ukungu wa kutani navyo vikabaki. Basi mwaka 1977, mjini Regina nchini Kanada, ikajengwa nyumba ya majaribio iliyozibwa sana, ikawekewa chombo cha kubadilishana joto. Hewa chafu inayotoka hupita upande mmoja wa kuta nyembamba, na hewa safi inayoingia hupita upande wa pili. Hazichanganyiki, ila joto huvuka. Mwaka 1991 nyumba nne za namna hiyo zilijengwa Darmstadt, Ujerumani. Leo mashine nzuri hurudisha zaidi ya robo tatu ya joto. Mpango wake ni rahisi kuelewa: hewa chafu hutolewa jikoni na bafuni, hewa safi hupelekwa vyumba vya kulala, na vichujio husafishwa au kubadilishwa mara kwa mara.

Mama, mashine hiyo inahitaji stima na pesa nyingi. Lakini funzo lake linatufaa sisi wa Limuru, Kinangop au Molo baridi ya Julai inapobisha hodi: usinunue joto kwa kuuza hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo shika haya:

Usilale kamwe na jiko la makaa chumbani. Hata makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Unapopika ndani, fungua mlango na dirisha. Acha nafasi juu ya ukuta, chini ya paa, moshi upate pa kutokea.

Mtie mtoto joto kwa nguo kavu, soksi, kofia na blanketi, na kwa mwili wako mwenyewe.

Asubuhi fungua madirisha yanayoelekeana, hewa ya usiku itoke.

Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na mkimbize hospitali. Mtoto akipumua kwa haraka au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

Nyumba nayo hupumua, mama. Usiizibe pua.