Herufi Mbili Kwenye Lenzi

Sanduku la darubini liliandikwa 525×. Hiyo namba ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minne kabla, karo imenishinda na hamu pia imeisha, na malipo ya makala yangu ya kwanza nikayapeleka kwa jamaa mmoja wa mitumba. Darubini ya milimita 60, mguu mmoja umefungwa selotepu. Nikamwambia ndugu yangu mdogo, yuko Gredi 7, "Leo utaona pete za Zohali."

Tukapanda juu ya ploti, tukainama kupita chini ya nguo zilizoanikwa. Nikatia lenzi ndogo kabisa, nikaongeza na ile ya kuzidisha mara tatu. Kilichoonekana ni giza, halafu kitu kama ute kikipita mbio, halafu kope zangu mwenyewe. Bro akaangalia, akangoja, akaangalia tena. "Hii kitu ni kama chuo yako," akasema, akashuka ngazi kwenda kulala.

Mimi sikulala. Nilichomoa lenzi ya jicho, yaani kile kipande unachowekea jicho, nikaisoma kwa tochi ya simu: SR4mm. Mwenzake: H20mm. Kumbe hizo herufi zimebeba majina ya watu.

Galileo hakuwa na herufi yoyote. Lenzi yake ya jicho ilikuwa kioo kimoja kilichobonyea katikati, na uwanja wake ulikuwa mwembamba hata mwezi haukuenea wote kwa mara moja. Mwaka 1610 aliitazama Zohali akaona nyota tatu zimebanana. Mwaka 1612 zile mbili za pembeni zikapotea kabisa, na hakujua kwa nini. (Huyu naye alitoka Chuo cha Pisa mwaka 1585 bila digrii. Nilimtajia Mama. Hakufurahia mfano huo.)

Kepler alipendekeza mwaka 1611 lenzi iliyovimba badala ya iliyobonyea. Picha inageuka juu chini, lakini uwanja unapanuka, na nyota hazijali kichwa kiko wapi. Ndipo anaingia H wetu: Christiaan Huygens, Mholanzi. Yeye na kakake Constantijn walikuwa wakisaga lenzi zao wenyewe nyumbani. Hapo ndipo nilipomkumbuka bro. Mwaka 1655, akiwa na miaka 25, Huygens aliona mwezi wa Zohali unaoitwa leo Titan, na mwaka 1659 akachapisha jibu la kitendawili cha Galileo: ni pete nyembamba, bapa, isiyogusa sayari. Ikikugeuzia ubavu, inatoweka. Miaka ya 1660 akaunganisha vioo viwili kwa nafasi katikati yake, na lenzi ya jicho ikawa kitu cha maana. R ni Jesse Ramsden wa London, karne iliyofuata, aliyevipanga vioo viwili kwa namna yake. Hiyo SR yangu ni binamu yake wa bei rahisi.

Kwa hivyo nilikuwa nimeshika karne ya 17 na ya 18 mkononi, zimefinyangwa kwa plastiki. Nilitaka kumlaumu Huygens, lakini hesabu ilinisuta. Urefu wa fokasi wa darubini yangu ni milimita 700. Gawanya kwa 4, unapata 175. Zidisha mara tatu, ndiyo ile 525 ya sanduku. Sasa, darubini ya milimita 60 huwa inachoka ikifika kama mara 120. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Galileo mwenyewe alifanya makuu kwa kama mara 20. Ile H20, ambayo sikuijaribu hata sekunde moja, inatoa mara 35. Ilikuwa mfukoni mwangu usiku ule wote.

Nilichonunua baadaye ni Plössl mbili, ya milimita 25 na ya 10. Huyu alikuwa fundi wa hadubini wa Vienna. Mwaka 1860 alichukua jozi mbili za vioo vilivyobandikwa pamoja ili rangi zisitawanyike. Uwanja ni mpana, na hata ya milimita 10 ina nafuu, hulazimiki kubandika mboni kwenye kioo kama kwa ile SR. Kabla ya kulipa pima tundu la darubini yako: milimita 31.7 ndiyo ya kawaida, lakini za zamani huwa na 24.5. Anza na ile ya 25. Kilimia kinaenea humo chote, na hapo ndipo nilipopata usingizi wangu wa kwanza wa amani baada ya chuo.

Septemba 2025, saa tatu usiku, nikamwita bro tena. Alikuja na blanketi, bila imani. Mwaka huo pete zilikuwa karibu zimetugeuzia ubavu, kama zilivyomfanyia Galileo. Nikaweka ile ya 10, mara 70, nikasogea.

Akakaa kimya muda mrefu.

"Ni kama mtu amedunga shanga na sindano," akasema. Halafu, bila kutoa jicho: "Inaenda. Irudishe."