Kuta za Wazee Wetu: Historia ya Matofali ya Misioni na Namna ya Kuyatunza



Katika siku hizi za jubile tunamshukuru Mungu kwa ajili ya wabatizwa, ya ndoa, ya mapadri na ya watawa waliotoka katika parokia yetu. Ni haki kabisa. Lakini yafaa pia kusema neno juu ya nyumba zilizowapokea: kanisa, nyumba ya mapadri na masomo, zote za matofali ya kuchoma. Tunasema hivyo kwa sababu shauri kubwa liko mbele yetu. Wengine wanataka kuta hizi zipakwe simenti toka chini mpaka juu, zipate kuonekana mpya siku ya sikukuu. Wengine wanaona heri zibomolewe. Sisi tunafikiri kwamba njia zote mbili ni hasara, na kwamba historia ya matofali yenyewe inatuonyesha njia ya tatu.

1. Namna matofali yalivyofika pande zetu

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, walifika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879. Toka huko walivuka ziwa Tanganyika. Mwaka 1883 walianzisha misioni ya Kibanga. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, ambacho Kapiteni Storms, Mbelgiji, alikuwa amekianzisha miaka miwili mbele. Mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, karibu na Moba.

Nyumba za miti na udongo zenye paa la majani, wazee wetu walizijua vizuri, nazo zilifaa. Lakini zilikuwa na adui watatu: moto, mchwa na mvua. Zamani zile alikuwako adui wa nne, ndiye mwizi wa watu. Vita ya watumwa ilikuwa ikiteketeza vijiji vya pembeni mwa ziwa, hata Kapiteni Joubert, Mfaransa, akafika Mpala mwaka 1887 kuwalinda watu. Katika nyakati kama hizo ukuta mnene si pambo, bali ni uhai. Ndiyo maana watu walijenga kwa tofali: kwanza tofali bichi lililokaushwa na jua, kiisha tofali lililopita motoni.

Monsinyori Roelens alipewa uaskofu mwaka 1896, akaongoza Vikariati ya Kongo ya Juu kwa miaka mingi, akafa Baudouinville mwaka 1947. Katika wakati wake misioni za matofali zilisimama imara. Hapo Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri, naye ndiye padri wa kwanza wa nchi yetu katika nyakati hizi. Basi, asiseme mtu kwamba kuta hizi ni za Wazungu tu. Imani yetu sisi wenyewe imekomaa ndani yake.

2. Waliofanya kazi

Vitabu vimehifadhi majina ya maaskofu, ya mapadri na ya mabruda waliopima msingi na kushika timazi. Lakini bruda mmoja hawezi kukanyaga udongo wa kanisa zima. Udongo ulikanyagwa na vijana, wengine wao watoto waliokombolewa utumwani. Maji yalichotwa na mama zetu. Kuni zilikatwa mbali, zikaletwa kichwani. Majina ya watu hao hayakuandikwa. Ukitazama vizuri tofali la zamani, mara nyingine utaona alama ya vidole vya aliyelitoa katika kalibu. Hiyo ndiyo sahihi yake, hana nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo ulichaguliwa, usiwe na mchanga mwingi wala usiwe na mnato kupita kiasi. Maana wenye mchanga humeguka, na wenye mnato hupasuka ukikauka. Ulilowekwa, ukakanyagwa, ukatiwa katika kalibu ya mbao. Matofali yalikaushwa polepole kivulini, yakageuzwa, kiisha yakapangwa kuwa tanuru yenye midomo chini ya kutilia kuni. Tanuru ilipakwa udongo kwa nje ili moto usitoroke, nayo iliwaka mchana na usiku kwa siku nyingi. Ilipopoa, fundi aligonga tofali kwa tofali. Lililolia kama kengele lilikuwa limeiva. Lililonyamaza lilikuwa halijaiva, likawekwa ndani ya ukuta mahali mvua isipofika.

Hapa tunaomba msomaji ashike jambo moja, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Mbele ya hapo, na hata nyuma yake katika misioni zilizo mbali na reli, simenti ilikuwa kitu cha mbali na cha bei kali. Kwa hiyo mafundi waliunga matofali kwa udongo wenyewe, au kwa chokaa na mchanga pale chokaa ilipopatikana. Ukuta wote ulikuwa laini kwa kadiri yake: tofali laini kidogo, na kiungo chake laini kuliko tofali. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua, kiisha huyatoa tena jua likiwaka. Tunaweza kusema kwamba unapumua.

3. Yaliyoziumiza

Kuta hizi zimeona mengi. Zimeona uhuru wa mwaka 1960 na maasi yaliyofuata. Zimeona vita za kutoka mwaka 1996 mpaka 2003, watu wakikimbia na nyumba zikibaki bila mlinzi, mabati yao, ndiyo manjanja, yakiibwa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya ziwa letu, na nyumba nyingi za Kalemie zikaanguka au kupasuka.

Hata hivyo, adui mkubwa si bunduki wala tetemeko. Ni tone la maji. Bati moja likitoboka, maji huingia kichwani mwa ukuta na kusafisha udongo ulio kati ya matofali. Maji yanayoanguka toka paa huruka chini na kula miguu ya nyumba. Mbegu ya mkuyu iliyoletwa na ndege huota katika ufa, na mzizi wake hufanya kazi ya tindo, mwaka baada ya mwaka.

Tena kuna adui anayevaa nguo za rafiki: simenti. Hatuilaumu simenti; kwa nyumba mpya ya bloki ni kitu chema. Lakini ni ngumu kuliko tofali la zamani, tena hairuhusu maji kupita. Ukiipaka juu ya ukuta wa udongo na chokaa, unyevu unaopanda toka ardhini hukosa njia ya kutoka. Hukaa ndani na kulowesha matofali, na chumvi yake huganda nyuma ya simenti. Baada ya miaka michache simenti huanguka vipande vipande, nayo inaondoka na uso wa tofali. Kilichobaki ni unga mwekundu chini ya ukuta. Atakayekuja atasema nyumba imezeeka, kumbe ilizibwa pumzi.

4. Dawa

Dawa ya kwanza ni juu, na dawa ya pili ni chini. Kabla ya mvua kuanza, paa litazamwe bati kwa bati, na mifereji isafishwe. Kiisha ardhi iliyozunguka nyumba itelemke kwenda nje, ili maji yasisimame karibu na msingi. Maua ya Mama Maria yapandwe, lakini mbali na ukuta, kwa maana anayemwagilia maua kila jioni anamwagilia na matofali.

Ufa usizibwe upesi. Kwanza tujue sababu yake. Pakeni juu yake utepe mwembamba wa chokaa, na kuandika tarehe. Utepe ukikaa mzima mpaka mwisho wa mvua, ufa umetulia, nao unaweza kuzibwa. Ukivunjika, ukuta ungali unatembea, na lazima kutafuta ugonjwa katika msingi au katika paa.

Viungo, yaani nafasi zilizo kati ya tofali na tofali, vikiwa vimeliwa, vikwanguliwe kwa mkono, si kwa nyundo nzito, mpaka kina cha sentimeta 2 au 3. Vumbi liondolewe kwa brashi, na ukuta ulowanishwe. Kiisha vijazwe kwa chokaa fungu 1 na mchanga safi mafungu 3. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Basi ifunikwe kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa, jua lisiikaushe kwa nguvu. Pale ambapo wazee walijenga kwa udongo, ndani parudishiwe udongo, na chokaa iwekwe kwa nje tu.

Tofali lililooza litolewe peke yake, bila kutikisa majirani yake. Mara nyingine linatosha kugeuzwa, uso uliokuwa ndani ukatokea nje. La sivyo, tutafute tofali la kipimo kile kile katika magofu ya zamani. Na kama ni lazima kuchoma mengine, tukumbuke kwamba kila tanuru inakula miti mingi, anayechoma apande.

Mwisho, kila mwaka kuta zilizopakwa chokaa zipakwe chokaa tena. Ni kazi ya siku mbili, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya kutengeneza ukuta ulioanguka.

5. Nani atafanya?

Hapa ndipo shida ilipo. Kwa miaka mingi tulizoea kufikiri kwamba nyumba ya misioni ni mali ya misioni, na kwamba msaada wa kuitengeneza utatoka mbali. Mafundi wa zamani wamekufa, na wengi hawakuacha mwanafunzi. Kijana wa leo anajua kumwaga simenti, lakini hajui kuzima chokaa katika shimo. Elimu hiyo ikipotea, hata fedha zikipatikana hazitasaidia kitu.

Tukumbuke Nehemia. Alipofika Yerusalemu na kukuta kuta zimebomoka, hakungojea wageni. Kila jamaa ilitengeneza sehemu iliyoelekea mlango wake. Maaskofu wa Kongo, toka mwaka 1961, walitaka Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo za Wakristu. Basi, tunaomba halmashauri ya parokia ipime kuta zetu na kugawia kila shirika kipande chake, shirika likitazame kila mwaka kabla ya mvua. Tena tunaomba mafundi wazee wachache tulio nao wapewe vijana wawili wawili, wawafundishe maadamu wangali hai.

Jubile itapita kwa siku tatu, lakini mvua itarudi kila mwaka. Waliokanyaga udongo huu hawakutuachia barua. Walituachia kuta, na kazi ya kuzitunza. Mungu awape raha ya milele, na sisi atupe moyo wa kufanya kazi.

Tumsifu Yesu Kristu.