Ufa Huzibwa kwa Nini? Hoja ya Chokaa katika Hifadhi ya Miji ya Pwani

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na usia huo umekaririwa darasani na mimbarini hata aghalabu ya wausemao hawaoni tena ufa wala ukuta. Ila waliousema kwanza hawakuona haja ya kutaja ufa huo uzibwe kwa kitu gani, kwani kwa mkaazi wa nyumba ya mawe ya zama zile jawabu lilikuwa moja tu, nalo ni chokaa. Leo majawabu ni mawili, na rai yangu katika makala haya ni kwamba nyumba za kale za Unguja, Lamu, Mombasa na Kilwa hazikudhuriwa na waliozisahau peke yao, bali zimedhuriwa pia, na pengine zaidi, na waliozikumbuka, wakaziba nyufa zake kwa saruji wakidhani wanazitendea hisani.

Ili hoja hii ifahamike, yafaa kwanza tuujue ukuta wenyewe. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yakashikamanishwa kwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu, na unene wake hufika nusu mita na kuzidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokadiria upana wa vyumba, na hiyo ndiyo sababu ya vyumba vile kuwa virefu na vyembamba. Jiwe la tumbawe lina matundu, hunywa maji ya ardhini, ya masika na ya unyevu wa bahari, na chokaa iliyolifunika huyaacha maji hayo yatoke tena jua liwakapo. Saruji haiyaachi. Maji yaliyozuiliwa hukaa ndani na chumvi yake, chumvi ikaganda na kufura nyuma ya lipu, jiwe likasagika kuwa unga, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vikaoza pasi na mwenye nyumba kujua. Apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja na ajaribu: atafute kiraka cha kijivu katika ukuta mweupe, akigonge kwa konzi ya kidole, na mara nyingi atasikia mlio wa kitu kitupu, kama anayegonga kifuu, kisha atazame kando ya kiraka, aone jinsi lipu ya kale, iliyokuwa nzima kabla ya matengenezo, inavyomwagika chini kama unga wa muhogo.

Wala asidhani msomaji kwamba huu ni ugomvi wa ukale na usasa, au wa cha kwetu na cha kigeni. Saruji inayotoka Bamburi tangu 1954, na ile ya Wazo Hill iliyoanza 1966, asili yake ni mawe yale yale ya matumbawe ya kale, ila yamechanganywa na udongo na kuchomwa kwa moto wa nyuzi zipatazo 1,450, ilhali chokaa hutosheka na nyuzi 900 hivi. Ni ndugu wawili wa tumbo moja wenye tabia mbalimbali. Saruji huwa ngumu mara moja na haibadiliki. Chokaa huvuta hewa pole pole, ikarejea kuwa jiwe lile lile ililotoka, na hata ikipasuka nyufa nyembamba, maji ya mvua huiyeyusha kidogo na kuzijaza. Mmoja huahidi kwamba kazi imekwisha, na mwingine hukiri kwamba kazi haina mwisho. Na nyumba za pwani zilijengwa na watu waliokubali kauli ya huyu wa pili.

Kukubali huko ndiko kulikozaa ufundi. Mchoma chokaa hupanga magogo yake kwa mviringo, safu juu ya safu, akayapakia mawe juu, akatia moto na kuungoja ule mpaka kati. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji, nayo huvuma, hufura, hutoa mvuke na kusagika yenyewe, kisha chokaa huwekwa shimoni kwa miezi, na kila ikikaa huzidi ulaini. Mwashi naye huijua iliyo tayari kwa namna inavyoganda katika mwiko wake na kuachia. Sakafu za juu zilipigwa kwa vibao vya mti na watu waliosimama safu, kwa nyimbo, ili pigo liwe moja na chokaa ishikamane isiache njia ya maji. Hakuna katika haya lililo siri, lakini hakuna pia linalojulikana kwa kusomwa. Mwanagenzi huyapata kwa kusimama karibu na fundi misimu kadhaa, na fundi akiwa hana kazi ya chokaa, mwanagenzi hana pa kusimama.

Ushahidi wa uimara wa kazi hii hauko mbali. Maandishi ya Kikufi katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yalitiwa miongoni mwa yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo: kazi ya chokaa hudumu karne nyingi, mradi itunzwe.

Yako mapingamizi mawili yanayostahiki kujibiwa. La kwanza ni kwamba chokaa hula kuni, na mikoko na matumbawe hai ya baharini si mali ya kuchezewa. Nami nakiri, lakini jiwe la kuchoma lipo katika machimbo ya nchi kavu, na minazi iliyozeeka isiyozaa tena imetumika tangu zamani katika tanuu. La pili ni gharama na muda. Hapa mpingaji ana haki zaidi, kwani mpangaji ambaye dari yake inavuja hawezi kungoja chokaa ikomae. Wala sidai kwamba kila maafa yana sababu hii: Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililoporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, lilijengwa kwa nguzo za chuma na lina kisa chake. Ninalodai ni kwamba dharura ya mpangaji hutokana na sisi kutokuwa na chokaa iliyokwisha komaa, na upungufu huo una dawa.

Dawa yenyewe tunayo katika sheria zetu za kale. Katika wakfu, ambao nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni mali yake, mafakihi wameweka kwamba pato la nyumba kwanza huiimarisha nyumba, na ndipo wanufaika wapate haki yao. Matengenezo si sadaka ya mwaka wa neema, ni deni linalotangulia madeni mengine. Ilhali sisi, tuliofurahi Mji Mkongwe kuingia katika orodha ya dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na ambao serikali zetu zimeridhia mkataba wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2011, tumehesabu majengo na milango, tukaacha kuhesabu waashi. Mamlaka za hifadhi na wasimamizi wa wakfu wangeanza na jambo dogo: kila mji uwe na mashimo yake ya chokaa, yajazwe kila mwaka kwa fedha za kodi za nyumba zenyewe, mwananchi auziwe kwa bei isiyozidi ya saruji, na kila shimo liwe na fundi mmoja mwenye ujira wa kudumu na wanagenzi wawili chini yake. Hapo mwenye ufa atakapouliza auzibe kwa nini, ataelekezwa shimoni, atamkuta fundi, na chokaa atakayopewa itakuwa ilizimwa mwaka jana, kabla ufa wake haujaonekana.