Mpasuko wa nyuklia: Jinsi kiini cha atomi kinavyotoa nishati

Umeme wa nyuklia na bomu la atomiki vinatokana na jambo lilelile moja: kiini cha atomi kupasuka. Tofauti iko kwenye kasi ya mpasuko huo, na kama kuna breki.

Kila atomi ina kiini, na ndani yake mna protoni na nyutroni zilizoshikamana kwa nguvu kubwa mno. Viini vingi havivunjiki kirahisi. Lakini urani, hasa ile aina inayoitwa urani-235, ni nzito na kiini chake hakijatulia. Nyutroni moja ikiingia humo, kiini kinayumba kama tone la maji, kinabanwa katikati, kisha kinakatika vipande viwili. Hapo hutoka joto, mionzi, na nyutroni nyingine mbili au tatu.

Hizo nyutroni mpya ndizo zenye mambo. Kila moja inaweza kupasua kiini kingine, nacho kikatoa nyingine tena. Huo ndio mnyororo wa mipasuko.

Nishati inatoka wapi?

Ukijumlisha uzito wa vipande vyote baada ya mpasuko, unakuta umepungua kidogo. Kilichopungua hakikupotea, kimegeuka nishati, kwa kanuni aliyoieleza Albert Einstein mwaka 1905. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto sawa na la zaidi ya tani 2,000 za makaa ya mawe.

Nani aligundua?

Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, elementi nyepesi zaidi. Hawakuelewa imetoka wapi. Aliyefumbua fumbo ni mwenzao Lise Meitner, mwanafizikia aliyekuwa amekimbilia Sweden kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akisaidiana na mpwa wake Otto Frisch. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1944 akapewa Hahn peke yake. Wengi wanasema Meitner alidhulumiwa, na ni vigumu kuwabishia.

Kinu na bomu

Ndani ya kinu cha nyuklia, fimbo zenye boroni au kadimi hunyonya nyutroni za ziada. Zikishushwa, mipasuko inapungua. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo ya kufua umeme. Yaani sayansi yote hiyo, kumbe kazi ni kuchemsha maji tu! Kituo cha Koeberg, karibu na Cape Town, kimekuwa kikifanya hivyo tangu 1984.

Urani inayochimbwa ardhini ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Vinu vingi vya umeme vinahitaji asilimia 3 hadi 5, bomu linahitaji kama asilimia 90. Ndiyo maana habari za Iran kurutubisha urani hufuatiliwa kwa jicho kali.

Kwa hiyo kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki. Hiyo haimaanishi ni salama wakati wote. Chernobyl, Aprili 1986, mipasuko iliwazidi nguvu wahudumu, mvuke ukakilipua kinu na mionzi ikasambaa hadi nchi za mbali.

Urani ya Kongo

Bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945 lilikuwa na takriban kilo 64 za urani. Iliyopasuka haikufika hata kilo moja, na uzito uliogeuka nishati ni chini ya gramu moja. Mji ukateketea.

Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa siri wa Marekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikichimbwa na Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Serikali ya Kongo iliufunga mgodi huo rasmi mwaka 2004, kwani wachimbaji wadogo walikuwa bado wanaingia humo kutafuta kobalti, kwenye udongo wenye mionzi.