Wageni wa Provence

Provence iko kusini-mashariki mwa Ufaransa, kati ya mto Rhône na milima ya Alps, na upande wa kusini inaishia kwenye Bahari ya Mediterania. Anga lake huwa jeupe kwa sehemu kubwa ya mwaka, na jua huwaka kwa zaidi ya saa 2,500 kila mwaka. Siku hizi watalii hufurika huko mwezi wa Julai na Agosti, lakini msimu huo si wa zamani. Kwa zaidi ya karne moja wageni walikuja wakati wa baridi na kufungasha virago joto lilipoanza kupanda. Tajiri aliyebaki katika mji wa Nice hadi Agosti angeshukiwa kuwa ameishiwa nauli.

Wapitaji hawakukosekana tangu kale. Wagiriki kutoka Phocaea walianzisha Marseille yapata mwaka 600 KK, kisha Warumi wakaacha huko barabara, mifereji na viwanja vya michezo. Kuanzia 1309 hadi 1377 makao ya Papa yalikuwa Avignon, na mji huo ukajaa makasisi, wafanyabiashara na watu wenye shida zao za kupeleka mbele ya wakubwa. Baadaye, vijana wa kitajiri kutoka kaskazini mwa Ulaya waliikatiza Provence wakiwa njiani kwenda Roma. Kwao Italia ndiyo iliyokuwa safari yenyewe.

Magofu ya Kirumi hayakuwa ya kutazamwa tu, kwani watu waliishi ndani yake. Uwanja mkubwa wa Arles, uliojengwa mwishoni mwa karne ya kwanza kwa watazamaji wapatao 20,000, uligeuzwa ngome baada ya dola ya Roma kuanguka. Matao yalizibwa, minara ikaongezwa juu ya ukuta, na ndani yake mtaa mzima ukaota: nyumba zaidi ya 200, vichochoro na makanisa madogo mawili. Ukuta wa mchezo ukawa ukuta wa jikoni. Katika miaka ya 1820 serikali ya mji ilianza kuzinunua nyumba hizo na kuzibomoa, ili jengo la kale lionekane tena. Mwaka 1834 mwandishi Prosper Mérimée aliteuliwa kuwa mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, na safari yake ya kwanza ya kikazi ilikuwa ya kusini. Taarifa yake ilitoka kama kitabu mwaka uliofuata. Tangu hapo gofu likawa mali ya taifa, na kaya zilizokuwa zimelifanya maskani zikatafuta pa kwenda.

Pwani ilifunguliwa na wagonjwa. Tobias Smollett, daktari na mwandishi wa riwaya kutoka Scotland, alikaa Nice kati ya 1763 na 1765 akitafuta nafuu ya kifua. Alipoanza kuoga baharini mwezi Mei, wenyeji walishangaa kuona mtu mgonjwa kiasi kile akijitumbukiza majini. Kitabu chake cha 1766 kilijaa manung'uniko juu ya vyakula, nyumba za wageni na watu, ila kiliisifu hewa ya Nice, na sifa hiyo ndiyo iliyowavuta Waingereza wengine. Baridi kali ilipoua michungwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 na vibarua wakakosa kazi, Waingereza wa Nice walichanga fedha chini ya mchungaji Lewis Way, wakawaajiri vibarua hao kutengeneza njia kando ya bahari. Njia hiyo ya mita mbili hivi ndiyo iliyokuja kuwa barabara maarufu ya Promenade des Anglais.

Cannes nayo ilipata bahati yake kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka 1834 Lord Brougham, aliyekuwa waziri wa sheria wa Uingereza, alikuwa akielekea Italia na binti yake mgonjwa. Kwenye mto Var, uliokuwa mpaka wa ufalme wa Sardinia, walinzi walimzuia kwa karantini. Akarudi nyuma, akalala katika kijiji cha wavuvi, akapapenda, akanunua ardhi na kujenga nyumba. Alifia hukohuko mwaka 1868. Ardhi ya ufukweni ilikuwa rahisi wakati huo, maana haikufaa mizeituni wala mizabibu.

Nice ilijiunga na Ufaransa mwaka 1860, na reli ikaufikia mji huo mwaka 1864. Safari iliyokuwa ikichukua siku nyingi kwa gari la farasi ikawa ya siku moja hivi kutoka Paris. Wafalme wakaja pamoja na watumishi wao. Familia ya kifalme ya Urusi ilikuwa na mazoea ya Nice tangu miaka ya 1850, na Malkia Victoria alirudi huko mwaka hadi mwaka kati ya 1895 na 1899. Jina la Côte d'Azur, ambalo wengi hudhani ni la kale, lilitokana na kitabu cha Stephen Liégeard cha 1887. Wakati huohuo sababu ya mwanzo ya safari ilikuwa ikififia: mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu kinasababishwa na bakteria, na taratibu wagonjwa wakaelekezwa kwenye sanatoria za milimani. Zikabaki kasino, karamu na bustani.

Kiangazi kiliingia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1922 treni ya kifahari yenye mabehewa ya buluu ilianza safari kati ya Calais na pwani hiyo. Mwaka uliofuata Wamarekani Gerald na Sara Murphy waliishawishi hoteli moja ya Antibes, iliyozoea kufungwa mwanzoni mwa Mei, ibaki wazi kwa ajili yao. Ngozi iliyochomwa na jua, ambayo hapo awali ilikuwa alama ya mkulima na mvuvi, ikageuka kuwa fahari ya matajiri. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum ikawapa wafanyakazi wote likizo ya wiki mbili yenye malipo, na tiketi za treni zikapunguzwa bei. Familia za viwandani zikaiona bahari kwa mara ya kwanza, na baadhi ya wenye majumba wakalalamika.

Marseille ilikuwa na wageni wa namna nyingine. Meli za kampuni ya Messageries Maritimes ziliiunganisha na Zanzibar na Komoro, na Wakomoro wengi waliofanya kazi kwenye tanuri za meli hizo walihamia huko. Jamii yao leo ni miongoni mwa kubwa zaidi mjini.

Bara ilichelewa kutembelewa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakulima walipigwa mara tatu: ugonjwa uliwaua viwavi wa hariri, mdudu aitwaye filoksera akaitafuna mizizi ya mizabibu, na rangi nyekundu iliyotengenezwa maabara ikaua soko la mmea wa rangi uliolimwa Vaucluse. Vijiji vilivyojengwa vileleni kwa kuogopa vita vikaanza kuhamwa. Kijiji cha Oppède kiliteremka bondeni na kuacha mapaa yakibomoka. Wasanii, kisha watu wa Paris, walinunua kuta hizo kwa bei ya kutupa baada ya Vita vya Pili, na leo bei ya nyumba katika kijiji cha Gordes haishikiki. Wenyeji wa zamani walijenga pia kwa kumhofu adui mmoja asiyehama, upepo wa mistral ushukao bonde la Rhône. Nyumba ya shamba huupa mgongo: ukuta wa kaskazini hauna dirisha, au una tundu dogo tu, na nyuma yake hupandwa safu ya miberoshi. Kengele ya kanisa hutundikwa ndani ya kizimba cha chuma kilicho wazi, ili upepo upite bila kung'oa mnara.

Arles, alikohamia mchoraji Vincent van Gogh Februari 1888 na kukuta theluji, haikumpokea vizuri. Mwaka uliofuata majirani wapatao 30 walitia saini malalamiko kwa meya wakitaka awekwe kizuizini. Siku hizi mji huohuo huwaongoza watalii mahali pale aliposimamisha turubai yake.

Mandhari ya asili yalikuja mwisho. Korongo la Verdon, lenye kuta zinazofikia mita 700, lilipitiwa kwa ukamilifu na Édouard-Alfred Martel mwaka 1905, naye alitumwa kuchunguza maji, wala si uzuri. Bwawa lilipojengwa chini yake, kijiji cha Les Salles kilizamishwa katika miaka ya 1970 na wakazi wakajengewa kingine juu. Ziwa hilo la Sainte-Croix sasa limejaa mitumbwi ya kukodi. Hata mistari ya lavenda ya Valensole ni ya karne ya 20. Kabla yake wakulima waliikata lavenda mwitu mlimani kwa mundu na kuwauzia watengeneza manukato wa Grasse. Katika vinamasi vya Camargue, makazi ya heroe, hifadhi iliwekwa mwaka 1927. Miamba ya Calanques, karibu na Marseille, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2012. Tangu 2022 anayetaka kushuka Sugiton, mojawapo ya ghuba zake, siku za kilele cha kiangazi hana budi kuomba nafasi mapema, na wanaoruhusiwa ni 400 kwa siku, kwa kuwa nyayo za watu zilikuwa zikiporomosha udongo unaoshikilia misonobari.