Timu Iliyoangushwa na Mfereji

Wasee, wengi wetu tunadhani maji ya paipu huenda njia moja tu: kutoka kwa kaunti hadi kwa glasi yako. Zii. Presha ikishuka yanaweza kurudi nyuma, tena yakiwa yamebeba uchafu wa huko yalikokuwa.

Waulize wachezaji wa Holy Cross, chuo cha Worcester, Marekani. Mwaka wa 1969 timu yao ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa mazoezini. Jua kali, vijana wakanywa maji ya mfereji wa uwanjani. Wiki chache baadaye, homa ya ini aina ya A. Kati ya watu 97 wa kikosi, 90 waliambukizwa. Walicheza mechi mbili tu, msimu ukafutwa.

Ilikuwaje? Paipu hiyo ilipitia vishimo vya kumwagilia nyasi, ambapo watoto wenye ugonjwa huo walikuwa wamecheza na kuchafua maji. Moto ukazuka kwingine mjini, wazima moto wakavuta maji mengi, presha ikashuka. Paipu ikanyonya maji ya vishimo.

Kinachouma ni kwamba kinga zilikuwepo tayari. Ya kwanza ni bure: acha nafasi ya hewa kati ya mdomo wa mfereji na maji yaliyo chini. Ya pili ni valvu ya kuingiza hewa. Presha ikiisha inafunguka, hewa inaingia, mnyonyo unakatika. Ya tatu ni valvu mbili za springi zinazofuatana. Moja ikilemaa, nyingine inashikilia. Ya nne ni ya mahali hatari kama viwanda vya kemikali: valvu mbili na chumba katikati, na zikivuja, maji machafu yanamwagwa nje badala ya kurudi.

Sasa turudi Nairobi. Huku presha kuisha haingoji moto. Maji hukatwa kwa zamu, tena kwa ratiba. Na ploti ngapi zina hosipaipu imezamishwa ndani ya dramu ya kufulia? Maji yakikatika, hiyo sabuni na uchafu vinaweza kuvutwa hadi kwa mfereji wa jirani.

Landilodi ana pesa ya kupaka geti rangi kila Disemba, so valvu asituambie ni ghali. Muulizeni kwa grupu ya ploti. Lakini leo, kabla hajajibu, inua hiyo hosipaipu. Mdomo wake ukae juu ya ukingo wa dramu, angalau mara mbili ya upana wa paipu.