Nyumba za Mawe za Usita wa Mui

Msomaji, ukipita katika barabara ya Timau, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, utaona nyumba za namna nyingi. Ziko za mbao na ziko za mawe, na paa la mabati ndilo mavazi ya karibu zote. Mahali hapo pameinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukuta ni kuzuia baridi. Mwashi hutumia kilicho karibu naye kujikinga na kinachomwudhi. Kanuni hiyo ni ya ulimwengu mzima, na ukiishika unaweza kuisoma nyumba yoyote kama usomavyo kitabu. Natuijaribu kanuni hiyo mbali na mlima, katika mtaa mmoja wa pwani ya nchi yetu ambao baadhi ya nyumba zake zilijengwa katika karne ya 18 na zingali zinakaliwa.

Mtaa huo uko Lamu, mji wa kisiwani uliokaliwa na watu bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700. Njia yake kubwa huitwa Njia Kuu, na wenyeji huiita pia Usita wa Mui. Katika lugha ya Kiamu usita ni njia, na mui ni mji. Njia hiyo huenda sambamba na pwani. Upande wake wa bahari uko ukanda uliojazwa katika karne ya 19, na juu yake wafanyabiashara walijenga nyumba zenye varanda zielekeazo majini. Upande wa pili vichochoro hupanda kilima kati ya kuta ndefu, vyembamba hata watu wawili na punda mwenye mzigo hupishana kwa taabu. Wembamba huo una faida yake: jua la adhuhuri halifiki chini kwa urahisi, na mpita njia hutembea kivulini. Kama vile Timau hujenga kwa kuogopa baridi, Lamu ilijenga kwa kuogopa joto.

Vifaa vya ujenzi vilitoka karibu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nayo chokaa ya kuyashika ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya rundo kubwa la kuni. Dari zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika vinamasi vya pwani. Boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa imevuka nafasi kubwa. Ikizidi kiasi cha mita tatu hupinda. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Mwenye mali aliweza kuongeza urefu wa chumba chake kama apendavyo, lakini upana wake aliamuliwa na mkoko.

Sasa ingia ndani. Mlangoni liko daka lenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba aliketi na wageni wake bila kuwavusha kizingiti. Ukipita daka hufiki moja kwa moja katikati ya nyumba: njia huvunjika pembeni, ili jicho la mpita njia lisione yaliyomo. Kisha huja kiwanda kilicho wazi juu, kiingizacho hewa na mwanga. Baada yake hufuatana misana, yaani kumbi ndefu, na nyuma kabisa hukaa chumba kiitwacho ndani. Kadiri uingiavyo ndivyo heshima na siri zizidivyo. Hapo mwisho ukuta umepambwa kwa safu za zidaka, vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, vilivyowekwa vyombo vya kaure kutoka China na vitu vingine vya fahari. Mahali pengine chumba hupita juu ya njia kutoka nyumba hata nyumba. Hicho huitwa wikio, na kwacho wanawake waliweza kutembeleana bila kushuka mtaani.

Lakini yafaa tuulize swali ambalo uzuri wa nakshi hutaka kutusahaulisha: ni nani aliyeubeba mzigo wa nyumba hizi? Mali iliyozijenga ilitoka katika biashara ya bahari na katika mashamba ya bara, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Watu waliokatwa asili zao walilima nafaka na kuchukua mizigo, ili wengine wapate nafasi ya kukaa barazani. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Anayezisifu nyumba na kuwasahau watu hao amesoma nusu ya kitabu. Na anayezidharau kwa sababu hiyo naye hukosea, kwani akizibomoa ataufuta pia ushahidi wa kazi yao.

Nyumba ya matumbawe ni imara, lakini si ya milele. Chokaa ya paa ikipasuka, maji ya mvua hupenya na kuozesha vichwa vya boriti; boriti zikioza, dari huanguka; dari ikianguka, kuta hubaki peke yao na miti huota ndani. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa mtu wa Lamu si mfano tu, bali ni habari ya kila msimu wa mvua. Karibu na hapo, katika kisiwa cha Pate, majumba ya matajiri yalikwisha kuwa magofu, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyafanya kuwa onyo katika utenzi wake wa Al-Inkishafi.

Ili Lamu isifuate njia hiyo, mji mkongwe uliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986, na mwaka 2001 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba moja ya karne ya 18 imetengenezwa kuwa makumbusho. Hata hivyo sheria haipaki chokaa. Matengenezo ni ghali, na baadhi ya nyumba zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya. Mgeni mwenye fedha aweza kuuokoa ukuta usianguke. Lakini nyumba ambayo wajukuu wa mjenzi hawaingii tena imepona mwili na kupoteza sauti. Jambo hilo halina jibu jepesi, nalo litaamuliwa na kizazi chako.

Basi, msomaji, usingoje kufika Lamu ndipo uanze kujifunza. Itazame nyumba kongwe iliyo karibu nawe, hata iwe ya mbao na bati. Uliza ilijengwa kwa vifaa gani na kwa kuhofu nini; uliza ni nani aliyeimiliki, na ni nani aliyelipwa au asiyelipwa kwa kuijenga. Waulize wazee ungali unao, kwa maana ukuta huweza kungoja miaka mia mbili, lakini mwenye kuufasiri hangoji.